Uzi: Humoresque ya Dvořák kwenye jazi. Tulinganishe Tatum, Kirby, Peterson, kipimo kwa kipimo

Noti_Nyeusi

Wadau, uzi huu ni wa kibao kimoja tu: Humoresque namba 7 ya Antonín Dvořák. Hata asiyejua jina lake ataitambua kabla ya sekunde tano kupita. Katika solfa (d ni do, r ni re, m ni mi, na kuendelea; alama ' ni oktava ya juu) inaanza hivi:

d r d r m s l s | d' t r' d' t r' d' l | s s l s d' l s m | r

Kwa ufupi kuhusu asili yake. Dvořák aliandika humoresque nane za piano, opasi (namba ya kazi) 101, kiangazi cha 1894, akiwa likizo Vysoká huko Bohemia. Miaka hiyo alikuwa mkurugenzi wa National Conservatory mjini New York. Simrock wa Berlin akazichapa. Ya saba ndiyo iliyosambaa kuliko wenzake wote, hasa wapiga violini walipoichukua, Fritz Kreisler akiwa mmoja wao.

Wanajazi nao wakaidaka. Ombi langu kwenye uzi huu: tusiishie kusema "toleo hili tamu, lile halina ladha". Tuseme mpigaji kafanya nini, wapi, na kwa nini imekubali au imekataa. Neno "kipimo" nitalitumia kwa maana ya nafasi kati ya mistari miwili wima ya noti.

Naanza na hoja yangu. Matoleo haya yote yanapimwa kwa kitu kimoja: yamefanya nini na ile nukta. Mdundo wa Dvořák ni wa noti ndefu yenye nukta na fupi inayoifuata, kwa uwiano wa tatu kwa moja, na katikati kaweka kituo kidogo sana ili noti zisigusane. Mdundo unachechemea kwa madaha. Swingi, ule mdundo wa jazi unaoyumba, nayo ina ndefu na fupi, lakini kwa kasi ya wastani uwiano wake uko karibu na mbili kwa moja, na noti zinashikana. Ukisikia toleo la jazi linalochosha, mara nyingi mpigaji kaacha tatu kwa moja ya Dvořák ilivyo, kisha kaweka ngoma ya swingi chini yake. Ngoma inakwenda huku, wimbo unakwenda kule.

Santuri78

Mkuu umeanza pazuri. Naongeza hesabu moja ambayo wengi wanairuka, nayo ndiyo inayoeleza kwa nini kibao hiki kiliingia kwenye jazi kirahisi kuliko vingine vya aina yake.

Dvořák kaandika kwa 2/4, mapigo mawili kwa kipimo. Robo moja (pigo moja) inabeba noti nne za wimbo (ndefu-fupi, ndefu-fupi). Mpangaji wa jazi anazidisha kila thamani mara mbili: kipimo kimoja cha 2/4 kinakuwa kipimo kimoja cha 4/4, na ile ndefu-fupi inaangukia penye noti za nane za swingi. Vipimo 8 vinabaki 8. Kama piano ya asili ilikwenda mapigo 72 kwa dakika, bendi inahesabu 144, na wimbo unasikika kwa mwendo uleule. Msikilizaji hahisi kuwa umekimbizwa, ila chini yake sasa kuna besi inayotembea mara nne kwa kipimo.

Ukichukua sehemu ya A (wimbo wa mwanzo) mara mbili, ukaweka B (sehemu ya kati), ukarudi A, unapata 8+8+8+8, yaani vipimo 32, umbo lilelile la nyimbo za dansi za miaka ya 1930. Mpiga solo hana jipya la kujifunza.

MkonoWaKushoto

Tuingie kwa mpiga piano Art Tatum, maana ndiye kila mtu anamtaja. Kuna rekodi tatu za kulinganisha:

1940, kampuni ya Decca, Los Angeles, piano peke yake, pamoja na Élégie ya Massenet kwenye kikao hichohicho.
1949, jukwaani Shrine Auditorium, Los Angeles, ile iliyomo kwenye albamu ya Piano Starts Here.
Desemba 1953, kwenye ule mfululizo mrefu wa piano pekee aliourekodi kwa mtayarishaji Norman Granz.

Mpango wa jumla ni uleule. Anaanza bila mdundo wa kudumu, rubato, wimbo ukiwa karibu na ulivyoandikwa lakini kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za chini zimebadilishwa na nafasi zimejazwa mitiririko. Kisha anafunga mlango wa rubato na kuingia straidi, mkono wa kushoto ukiruka kati ya besi na kodi.

Sikilizeni anavyotatua tatizo la nukta alilolitaja Noti_Nyeusi. Kwenye rubato anaiacha iwe ya Dvořák, maana hakuna mdundo wa kugombana nao. Akiingia straidi analainisha. Kadiri kasi inavyopanda, ndefu na fupi zinakaribiana, na kwenye kasi kubwa kabisa zinakuwa karibu sawa. Swingi ndivyo ilivyo: polepole uwiano unapanuka, haraka unabana. Anayejaribu kushika mbili kwa moja kwenye kasi ya 240 anakakamaa kiganja na kuchelewa.

Msikilizaji_Makini

Swali kwa MkonoWaKushoto. Kama mpango ni uleule mara tatu, kuna haja gani ya kusikiliza zote? Kuna wanaosema Tatum kwenye vibao vya maonyesho kama hiki habuni chochote, anarudia alichokwisha kupanga.

MkonoWaKushoto

Wana hoja kwa nusu. Kwenye Humoresque, Élégie na Tiger Rag alikuwa na mpango aliouandaa, na sehemu kubwa inarudi. Lakini mpango si sawa na noti. Mtiririko unaoshuka kati ya vishazi unaweza kuanza noti nyingine au kutua mapema. Kodi za kupita kati ya kipimo cha 4 na cha 5 hubadilika. Mkono wa kushoto ndiyo wa kufuatilia zaidi: unavyochanganya straidi ya kuruka na desimi (noti mbili zilizoachana kwa hatua kumi, zikipigwa pamoja) zinazotembea.

Namna ya kusikiliza: cheza A ya kwanza ya 1940, simamisha, cheza A ya kwanza ya 1953. Usivuke vipimo 8. Ukisikiliza toleo zima kisha lingine zima, mitiririko itakufunika na utasema "yaleyale".

Kitu kingine kinachozitofautisha ni nafasi. Santuri ya inchi kumi ya mizunguko 78 kwa dakika ilikuwa na takriban dakika tatu kwa upande. Kila kitu cha 1940 kimebanwa humo. Jukwaani na kwenye utepe wa sumaku sindano ya kukatia sahani haimkimbizi mtu.

Santuri78

Hapo kwenye dakika tatu weka namba uone. Vipimo 32 vya 4/4 ni mapigo 128. Kwa kasi ya 144 mzunguko mmoja ni sekunde 53. Mizunguko mitatu ni dakika 2 na sekunde 40, na utangulizi wa vipimo 4 ni karibu sekunde 7. Unabakiwa na sekunde kama kumi za kumalizia. Kwa kasi ya 220 mzunguko ni sekunde 35, kwa hiyo unaweza kuanza na rubato ya dakika nzima na bado ukapata mizunguko mitatu ya straidi. Umbo la rekodi za zama zile linaanzia kwenye hesabu hii.

Tahadhari kwa mnaolinganisha ufunguo kwa sikio: nakala za santuri za zamani hazikuhamishwa zote kwa kasi sahihi. Nusu toni ni tofauti ya kasi ya karibu asilimia 6. Rekodi ya dakika tatu iliyohamishwa nusu toni juu itapungua sekunde kama kumi. Mkibishana kama mtu kapiga F au G-flati, linganisheni kwanza urefu wa nakala zenu.

Zumari

Mmesahau sextet ya John Kirby, wakati kwa maoni yangu ndiyo iliyokielewa kibao hiki vizuri kuliko piano zote. Charlie Shavers tarumbeta yenye kiziba, Buster Bailey klarineti, Russell Procope saksafoni alto, Billy Kyle piano, O'Neil Spencer ngoma, Kirby mwenyewe besi. Watu sita, na sauti yao haipandi hata mara moja hadi ya bendi kubwa.

Vyombo vitatu vya kupuliza vinabana wimbo pamoja, kwa karibu, kwa utulivu, na kila noti fupi inatoka kwa wote watatu kwa wakati mmoja. Kule kwenye piano ya Tatum unashangaa mikono. Hapa unaisikia Humoresque yenyewe, imevaa nguo nyepesi.

Kwa wanaotaka kuandika kwa mtindo huo, kipimo cha kwanza ni zawadi. Chukua kodi ya kwanza yenye noti ya sita: d m s l. Angalia wimbo: d r d r m s l s. Kati ya noti nane, sita zimo ndani ya kodi. Zilizobaki ni r mbili tu. Sasa weka sauti tatu kutoka juu kwenda chini:

d – l – m
r – t – f

Wote wanapanda hatua moja, wanashuka hatua moja. Ile ya pili ni kodi ya tano (inayojengwa juu ya s) bila msingi wake. Ufunguo ukiwa G, ni G–E–B kisha A–F#–C. Kosa la wengi ni kuishika kodi ya kwanza kipimo kizima na kumwachia mwenye wimbo tu agonge r. Basi r inasikika kama mtu aliyekosea mlango.

BesiNne

Zumari umenigusa kwenye kodi. Niweke hapa mfuatano wa kodi za A ulivyo kwa asili, ufunguo wa G kwa urahisi wa kusoma, kipimo kimoja kimoja (kila herufi ni kodi inayojengwa juu ya noti hiyo, m ikifuata ni maina):

G | C | G | D7 | G | C | G D7 | G

Kwanza, nne, kwanza, tano. Huwezi kupata kitu kilicho wazi zaidi, na uwazi huo ndio unaomruhusu mwanajazi ajaze. Mfuatano unaokubali karibu kila mara:

G6 | C6 C#dim | G/D Em7 | A7 D7 | G6 G7 | C6 C#dim | G/D D7 | G6

Besi inapanda C, C#, D. Ukiwa na besi ya nyuzi utaipenda.

Sasa mitego, maana hapa ndipo wengi wanaharibu:

Mtego wa kwanza ni Cm6 kwenye nusu ya pili ya kipimo cha 2 au cha 6. Sikio linaitamani, kwa sababu nyimbo nyingi za dansi zinakwenda C kisha Cm kisha G. Lakini noti ya mwisho ya wimbo kwenye kipimo hicho ni l, yaani E ya kawaida, na Cm6 ina E-flati. Zinagongana uso kwa uso. C#dim ina E ndani yake, kwa hiyo unapata mvutano uleule bila mgongano.

Mtego wa pili ni E7 kwenye nusu ya pili ya kipimo cha 3. Wimbo pale ni d' l s m, yaani G E D B. Hizo ni noti za Em7 zote nne bila kubakisha. Ukiweka E7 unaleta G# chini ya G. Mpiga piano mmoja anaweza kuipanga, G# chini kabisa na G juu, ikatoa ladha ya bluzi. Bendini, pakiwa na gitaa na piano pamoja, mmoja wao ataiweka G# karibu na wimbo na kila kitu kitachafuka. Em7 ndiyo salama, kisha A7 kwenye kipimo cha 4 ikupeleke D7.

Noti_Nyeusi

BesiNne hapo kwenye kwanza-nne-kwanza-tano kuna jambo zuri sana. Old Folks at Home ya Stephen Foster, ya 1851, inakwenda hivyohivyo kwa vipimo vinne vya mwanzo. Ndiyo maana watu wamekuwa wakizipiga mbili kwa pamoja. Andika moja juu ya nyingine:

Foster: m – r d m r | d d' l d' | s – m d | r

Zote mbili zinatua r kwenye kipimo cha 4. Wimbo wa Foster unakwenda kwa noti ndefu pale ambapo Humoresque ina noti nyingi, kwa hiyo masikio yanazitenganisha bila shida.

Wakipiga tromboni na klarineti: Foster kwa tromboni oktava moja chini, Humoresque kwa klarineti. Angalieni kipimo cha 3, zote zinaanza s. Zikiwa oktava moja, wimbo mmoja unameza mwingine kwa pigo zima na msikilizaji anadhani mtu kapotea.

Na mfano mwingine wa vitu kukubaliana: d r m s l za kipimo cha kwanza. Dvořák kaandika G-flati meja. Kwenye ufunguo huo noti hizo tano ni Gb Ab Bb Db Eb, yaani funguo nyeusi tano za piano, zote na hizo tu. Kipimo kizima cha kwanza mkono wa kulia haugusi cheupe. Nyeupe ya kwanza ni F, ile t ya kipimo cha 2. Ukipiga kwa vidole unauhisi mlango wa kipimo cha 2 kabla hujausikia.

Msikilizaji_Makini

Je, bendi nayo ibaki G-flati? Flati sita zinatisha.

Zumari

Inategemea nani anasoma. Tarumbeta na saksafoni tenor za B-flati (noti zinazosomwa si zile zinazosikika) zitaona A-flati, flati nne. Alto itaona E-flati, flati tatu, ambayo ni nyumbani kwake. Kwa hiyo G-flati ni rahisi kwa alto kuliko G, maana G inampa E yenye shapu nne. Anayeteseka ni besi na piano anayesoma kwa mashaka.

Tatizo kubwa la tarumbeta ni urefu wa wimbo. Ukianza d kwenye G ya kati, kipimo cha 2 kinakupeleka r' ambayo kwa msomaji wa tarumbeta ni B juu ya mistari. Kwa kiziba, kwa sauti ndogo, mizunguko mitatu, midomo inachoka na noti inashuka. E-flati ni bora: r' inakuwa G iliyoandikwa, juu tu ya mstari wa juu. Alto itaona C, klarineti F.

Kwenye klarineti kuna daraja. Kutoka A ya ndani ya mistari kwenda B (kwa noti zilizoandikwa) vidole karibu vyote vinashuka kwa pamoja. Pigo la ndefu-fupi likivuka hapo, fupi inachelewa. Kabla ya kuchagua ufunguo, mwandishi apite sauti ya klarineti na kuhesabu mara ngapi inavuka. Zikizidi mbili kwa vipimo 8, badilishaneni: alto achukue ya kati, klarineti apande juu ya tarumbeta.

MkonoWaKushoto

Turudi kwenye piano kidogo. Oscar Peterson naye ana Humoresque, kwenye zile rekodi zake za ujana za RCA Victor alizofanya Montreal kati ya 1945 na 1949. Ni njia ya tatu kabisa. Enzi hizo alikuwa anauzwa kama mtu wa bugi-wugi, na mkono wa kushoto wa bugi unalazimisha jambo moja: mdundo wa nane kwa kipimo uko chini tayari. Basi ndefu-fupi ya wimbo haina pa kukimbilia, lazima ishikane na mkono wa kushoto. Wimbo unapoteza madaha unapata misuli.

Kwa hukumu yangu, hapo kibao kinalipa gharama kubwa. Kodi ya nne na ya tano za Humoresque zinakaa kipimo kimoja kimoja. Bugi inataka kodi ikae vipimo viwili, vitatu, vinne, ili mchoro wa chini ujijenge. Hapa mchoro unahamishwa kila kipimo, mkono wa kushoto unaruka kabla haujakaa.

BesiNne

Sikubali yote. Mchoro mfupi wa kipimo kimoja unakaa vizuri tu. Kisicholingana ni sauti: bugi chini ya s l s inasikika nzito kwa sababu wimbo uko juu na mwepesi. Ukiushusha wimbo oktava moja, ukaongeza noti ya tatu chini yake, uzito unalingana. Tatizo ni la mpangilio.

MkonoWaKushoto

Nakubali kwenye kushusha oktava. Kwenye uhamaji wa kodi bado nasimama nilipo.

Kidole_Kifupi

Naomba mwongozo wa mikono midogo. Desimi za Tatum hazifikiki. Je, straidi ya kibao hiki bila desimi inawezekana?

MkonoWaKushoto

Inawezekana kabisa. Fuata hivi.

Pigo la 1 na la 3 ni besi, la 2 na la 4 ni kodi iliyo karibu na C ya kati. Badala ya desimi (G chini na B juu yake kwa mara moja), piga G peke yake kwenye pigo la 1 na uiweke B iwe noti ya chini kabisa ya kodi kwenye pigo la 2. Sikio linaunganisha zenyewe. Njia nyingine ni kuivunja: G kidogo kabla ya pigo, B juu ya pigo. Kosa la kawaida ni kuweka G juu ya pigo na B baada yake. Hapo pigo linasikika mara mbili na bendi nzima inayumba.

Kasi ya kuanzia ni 100, mkono wa kushoto peke yake, vipimo 8, macho yakiwa mbele na si kwenye vidole. Kwa 220 unakuwa na sekunde 0.27 kutoka besi hadi kodi, kwa hiyo mruko lazima uwe umekwisha kabla ya pigo na mkono unasubiri juu ya funguo. Panda 8 kwa 8. Mkono wa kulia usiuongeze mpaka wa kushoto umefika 20 zaidi ya kasi unayotaka.

Ukiunganisha mikono, utaona mkono wa kulia unaanza kunakili ukali wa wa kushoto, na ile tatu kwa moja inarudi yenyewe. Dawa: piga wimbo kwa noti sawasawa kabisa, bila swingi, kwa dakika chache, kisha ulegeze kidogo. Kutoka sawa kwenda swingi ni rahisi. Kutoka nukta kwenda swingi ni kupigana na mazoea ya vidole.

Santuri78

Kwa wanaotaka mkono wa kushoto usioruka kabisa, msikilizeni Erroll Garner kwa jumla. Kodi nne kwa kipimo kama gitaa la mdundo, na wimbo wa mkono wa kulia unabaki nyuma kidogo ya pigo. Kwa Humoresque mtindo huo unatibu nukta kwa njia ya pekee: ndefu inachelewa kuanza, kwa hiyo fupi inajikuta karibu na pigo linalofuata bila mtu kuikaza.

Noti_Nyeusi

Hakuna aliyegusa sehemu ya maina. Dvořák anakwenda maina ya palepale, yenye msingi uleule. G-flati maina ingetaka flati tisa, kwa hiyo kaiandika F# maina yenye shapu tatu. Kodi nzito, sauti kubwa. Kwenye G inakuwa G maina, flati mbili.

Bendi nyingi zinaiacha, kwa sababu haimo kwenye vipimo 32 vya solo. Naona ni hasara. Bila maina, A inarudi mara kumi na mbili kwa mizunguko minne na utamu wake unageuka uji.

Zumari

Iwekeni mara moja tu, kati ya solo ya mwisho na wimbo wa mwisho. Ngoma ziache mabrashi, piano ikae kimya, vyombo vitatu peke yao na besi. Vipimo 8 vinatosha. Kirby na wenzake walikuwa mabingwa wa kuacha nafasi ya namna hiyo.

Na kwa wanaopenda kulinganisha nje ya Humoresque: Kirby hao hao wana Anitra's Dance ya Grieg, ya 1939, na Duke Ellington na Billy Strayhorn wana yao ya 1960 kwenye seti ya Peer Gynt. Grieg kaandika kwa 3/4, mwendo wa mazurka, nyuzi zenye viziba na pembetatu. Kule huwezi kuzidisha mara mbili tu kama alivyoonyesha Santuri78. Lazima uongeze au urefushe pigo katika kila kipimo ili kifike 4/4, na kila mpangaji anaamua ni pigo lipi. Hapo ndipo pa kusikilizia.

Msikilizaji_Makini

Swali la mwisho kwenye maina. Kurudi kutoka G maina kwenda A ya G meja, je, tunaingia moja kwa moja?

BesiNne

Weka D7 kipimo kizima kabla ya kuingia, besi ibaki D, tarumbeta ishike A, ambayo ni r kwenye maina na kwenye meja vilevile. Wakati A imeshikwa, alto ateleze kutoka Bb kwenda B nusu toni juu, kwenye pigo la 4. Noti moja mkononi mwa mtu mmoja, na wote wanakuwa wamekwishafika meja kabla d ya kwanza haijapigwa. Alto asiitangulize kwenye pigo la 3. Bb ikiondoka mapema, ile B inakaa mno juu ya D7 na A ya tarumbeta, na kinachosikika ni watu wawili wanaogombea noti moja.